Kabla ya Kuuza Shamba

Somo letu latoka 1 Samweli, mlango wa kwanza. Hana analia, Penina anamchokoza, na Eli kuhani anamdhania kuwa amelewa. Sisi wachungaji tumelirudia kosa la Eli mara nyingi: mama amelia kanisani kwa kukosa mtoto, nasi tukamwambia aongeze imani.

Jioni moja mume na mke wa hapa Kisegi walitujia na karatasi mkononi. Kliniki moja ya mbali iliandika kwamba hufaulu kwa asilimia 50. Walikuwa tayari kuuza kipande cha shamba, na mashua pamoja na injini yake, ili wapate zile laki kadhaa. Mke alikuwa na miaka 41. "Mchungaji, nusu kwa nusu si haba," mume alisema. Tukawaomba waketi kwanza.

Yafaa tuijue kazi yenyewe. Mama huchomwa sindano kwa siku 10 hivi ili mayai kadhaa yakomae pamoja. Daktari huyatoa na kuyakutanisha na mbegu za mume katika maabara, na baada ya siku 3 hadi 5 hupandikiza kiinitete kimoja au viwili katika mji wa mimba. Kisha ni kungoja majuma 2, marefu kweli. Mtoto wa kwanza aliyepatikana hivyo, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Katika Kenya yetu wa kwanza walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Basi kazi hii si uchawi, na wala hatumkatazi mtu.

Lakini hiyo asilimia 50 ni ya nani? Kliniki yaweza kuhesabu kila kipimo kilichoonyesha mimba, ingawa mimba nyingine huharibika. Yaweza kuchanganya wanawake wa miaka 28 na wa miaka 41, au kuwaacha nje wale waliochomwa sindano na mayai yasipatikane. Kule Uingereza, ambako kliniki zalazimika kutoa hesabu zao, kiinitete kimoja kikipandikizwa kwa mwanamke wa chini ya miaka 35 huleta mtoto karibu mara 1 katika 3. Kwa mwenye miaka 40 hadi 42, akitumia mayai yake mwenyewe, ni kama mara 1 katika 10. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: kati ya wanawake 100 wa umri wangu walioanza, wangapi walirudi nyumbani na mtoto?

Mke alitazama chini. Ndipo tukamgeukia mume: "Nawe, ndugu, umepimwa?"

Kimya.

Karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mume naye ana sehemu yake, na kupima mbegu ni kazi ndogo isiyohitaji kuuza mashua. Katika Afrika, mirija ya mama iliyoziba kwa maambukizo yasiyotibiwa ni sababu kubwa pia. Hata hivyo kwetu huku ziwani mama atazungushwa kwa waganga miaka kumi, na mke wa pili ataolewa, kabla mume hajakanyaga mlango wa maabara!

Mashua haikuuzwa. Juma lililofuata walipanda gari la alfajiri kwenda Homa Bay, wote wawili, mume ameketi dirishani, hasemi neno.