Ruta Moja, Milango Miwili

Je, mgeni akiomba intaneti katika ofisi ya kikundi chenu au zahanati, mnampa neno la siri lile lile la kompyuta za kazi? Wengi wetu hufanya hivyo. Basi tumempa aliyeomba maji ya kunywa funguo za nyumba nzima! Daftari za wagonjwa na hesabu za wanachama zimo humo. Tena Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatutaka tuzilinde habari za watu.

Si lazima kununua ruta ya pili. Ruta nyingi zaweza kutangaza majina mawili kwa redio moja, kila jina na neno lake la siri. Jina la pili mafundi huliita intafesi pepe, maana halina redio yake, laazima ile ile.

Fanya hivi:

1. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, usije ukakatika katikati ya kazi. Weka nakala ya mipangilio ya sasa.

2. Fungua ukurasa wa ruta. Anwani yake, mara nyingi 192.168.1.1, imeandikwa chini ya kisanduku. Ongeza mtandao, uuite "Wageni". Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Neno la siri lisipungue herufi 8. 12 ni bora.

3. Wape wageni anwani zao. Ofisi ikitumia 192.168.1, wao watumie 192.168.2.

4. Kwenye ukuta wa kinga, ruhusu wageni waende intaneti, wasiende ofisini. Lakini waache waiombe ruta anwani (mlango 67) na majina ya tovuti (mlango 53). Ukisahau hili, simu itashika mtandao lakini hakuna kitakachofunguka.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaongeza jina la pili, hatua ya 3 na 4 wanaziruka. Hiyo ni milango miwili ya chumba kimoja! Ruta nyingine zina sehemu ya wageni iliyo tayari, nazo hufanya hatua hizo zenyewe. Hata hivyo, jaribu: shika "Wageni" kwa simu, kisha ufungue 192.168.1.1 au printa ya ofisi. Ikifunguka, kazi haijaisha.

Kumbuka pia kwamba redio ni ile moja. Wageni wakitazama video, ofisi nayo itakwenda polepole. Na kila jina hujitangaza kama mara 10 kwa sekunde hata pasipo mtu, kwa hivyo majina mawili au matatu yatosha.

Mwisho, badilisha neno la siri la ofisi siku hiyo hiyo. Lile la zamani wageni wa jana bado wanalo.