Mti Mkavu na Mti Uliokaushwa

Hapana mtu mwenye akili timamu atakayemlaumu mama wa Iramba au Manyoni kwa kukata mti uliokufa ili awapikie watoto wake. Mkoa wa Singida ni mkame. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hivi hadi Aprili, na baada ya hapo jua hutawala. Serikali imejiwekea lengo katika mkakati wake wa 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Lengo ni jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini hadi siku hiyo, sufuria ya ugali kijijini itaendelea kukaa juu ya mafiga matatu, na chini yake zitawaka kuni. Kuni kavu ni nyepesi kichwani, hazijazi moshi jikoni, wala hazipunguzi kivuli cha msitu ulio hai. Ndiyo maana desturi imewaruhusu wakazi kuziokota, na viongozi wenye busara hawakuiingilia.

Tunalotaka kulisema leo ni jingine. Kuna mti uliokufa na kuna mti uliouawa, na ruhusa waliyopewa watu juu ya ule wa kwanza imekuwa mlango wa kuupitishia wa pili. Mwenye tamaa hana haja ya kuuangusha mtundu ulio hai mbele ya macho ya watu. Hubandua gamba kulizunguka shina lote, upana wa kiganja, akaenda zake. Chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena kwenye mizizi, na mti hufa taratibu kwa njaa. Mwingine hurundika majani makavu chini ya shina na kuwasha moto, ili aonekane mwenye kosa ni mrina asali. Msimu ukigeuka, hurudi na mkokoteni wa punda. Akiulizwa, hujibu bila kupepesa macho kwamba mti ulikuwa mkavu. Na kweli ulikuwa mkavu!

Ajabu ni kwamba mtundu, ambao ni wa jamii ya miyombo, ukikatwa ungali hai huchipua tena kutoka kisikini, na chipukizi zikilindwa dhidi ya mifugo na moto huwa miti. Mti ulioteketezwa hadi mizizini hauchipui. Kwa hiyo kanuni inayoruhusu mkavu tu, bila kuuliza umekaukaje, yaweza kumtuza mharibifu kuliko mkataji aliyekuja kuomba kibali hadharani.

Msomaji wetu wa Unguja na Pemba asiseme kwamba hayo ni ya bara. Majahazi huvuka bahari yakiwa na mkaa na mbao za huko, na kila gunia lilikuwa mti mahali fulani. Isitoshe, Visiwani tunalijua suala hili kwa jina la mkarafuu. Ugonjwa wa kifo cha ghafla ulipoangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu mikongwe ya Unguja kabla ya Mapinduzi ya 1964, kuikata iliyokufa hakukuwa dhambi. Hata hivyo mkarafuu ukikauka, swali la kwanza ni nini kimeuua, maana una mwenyewe, naye huihesabu mikarafuu yake. Mtundu wa porini hauna wa kuuhesabu. Hapo ndipo penye kasoro.

Nani basi auhesabu? Si karani aliye mjini. Kibali kilichoandikwa "kuni kavu" juu ya meza hakiwezi kuona pete iliyochongwa kwenye gamba, umbali wa nusu siku kwa miguu. Anayeiona ni mwanakijiji. Mkoa wa Singida wenyewe ulikwisha kulithibitisha hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na azma ya kuufanya msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000, kuwa hifadhi ya Serikali. Badala yake, kufikia 1995 vijiji vitano vinavyoupakana vilikabidhiwa ulinzi wake. Vilichagua kamati, vikatunga sheria ndogo, na vijana wao wakafanya doria. Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zilikuja baadaye kulipa jambo hilo nguvu kwa nchi nzima, na halmashauri ya kijiji inayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu Sheria Na. 7 ya 1982. Kwa hiyo maofisa wasituambie kwamba wanangoja sheria mpya.

Tofauti kati ya mzigo wa kichwani na mzigo wa mkokoteni nayo izingatiwe. Mama haui mti mzima kwa ajili ya chakula cha jioni. Matawi yaliyoanguka humtosha. Anayetaka magogo ni mchoma matofali na muuza kuni wa mjini, na huyo ndiye wa kutazamwa. Kumsumbua mama njiani na kumwacha tajiri wa tanuri apite ni dhuluma.

Wala si kila gogo kavu ni la kukatwa. Shina lenye uwazi ni nyumba ya nyuki, na asali ya Singida, hasa ya Manyoni na Itigi, ni fedha ya kila msimu, ilhali kuni za gogo hilo huisha kwa wiki moja.

Tunapendekeza basi kwamba mti mkubwa uliokauka ukaguliwe na kamati ya kijiji ungali umesimama, kabla shoka halijaugusa. Atakayekutwa na mkokoteni uliojaa, aulizwe kisiki kiko wapi, na kamati iende naye kukitazama siku hiyo hiyo.