Ushindi wa Kweli Hautoki Kwenye Mfuko wa Damu

Ikiwa umewahi kufika Iten, msomaji mpendwa, basi unajua jinsi kimji kidogo kinavyoweza kujulikana ulimwenguni kote kwa sababu ya miguu ya watu wake. Kule Austria, katika jimbo la Tirol, kuna kimji cha namna hiyo. Kinaitwa Seefeld. Wakazi wake hawafiki elfu nne, nacho kimekaa kwenye uwanda ulio kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, huku milima ya Alps ikikizingira. Tofauti ni kwamba Iten watu hukimbia katika vumbi jekundu, na Seefeld watu hukimbia katika theluji.

Mwaka 2019, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Machi 3, kimji hicho kiliwakaribisha mabingwa wa dunia wa skii ya Nordiki. Haikuwa mara ya kwanza. Seefeld ilikuwa imeandaa mashindano hayo mwaka 1985, na kabla ya hapo ilisaidia jiji jirani la Innsbruck kuandaa Olimpiki za majira ya baridi za 1964 na 1976. Lakini hii ya 2019 haitasahaulika upesi, na sababu yake si medali peke yake.

Pengine unajiuliza, skii ya Nordiki ni mdudu gani? Usione haya kuuliza. Kuna skii za aina mbili kubwa. Ile ya Alpini ni ya kuteremka mlima kwa kasi, kiatu kikiwa kimefungwa mbele na nyuma. Huo ndio mchezo wa Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi akalelewa Austria, ambaye mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki za majira ya baridi. Ile ya Nordiki kisigino huachwa huru, ili mtu aweze kwenda tambarare, kupanda na kuteremka. Kwa lugha yetu ya riadha, hizo ni mbio za nyika, ila mkimbiaji amevaa mbao nyembamba miguuni na ameshika fimbo mbili mikononi.

Katika Nordiki kuna michezo mitatu. Wa kwanza ni hizo mbio, za masafa mafupi na marefu hadi kilomita 50, pamoja na za kupokezana. Wa pili ni kuruka: mtu huteremka kwenye mteremko uliojengwa, akaingia hewani, akatua mbali chini. Kwenye uwanja mkubwa wa Bergisel ulioko Innsbruck, mabingwa waliruka zaidi ya mita 130. Huo ni urefu unaoshinda ule wa uwanja wa kandanda! Wa tatu ni mchanganyiko. Wachezaji huruka kwanza, kisha alama zao hugeuzwa kuwa sekunde, na aliyeruka vizuri zaidi hutangulia kuondoka mbioni. Anayevuka utepe wa kwanza ndiye mshindi.

Mwaka huo zilishindaniwa dhahabu 22, na Norway peke yake ikabeba 13. Kijana wao Johannes Høsflot Klæbo alijinyakulia tatu. Lakini hata wageni wa mchezo huu wangefurahia siku ya kuruka kwenye uwanja mdogo, wakati theluji nzito ilipoharibu mahesabu ya kila mtu. Dawid Kubacki wa Poland alikuwa nambari 27 baada ya mruko wa kwanza. Nani angemtazama tena? Aliruka mara ya pili, akatoka huko chini hadi dhahabu. Mwenzake Kamil Stoch, aliyekuwa nambari 18, akapata fedha. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa njoo nikusimulie ya Jumatano, Februari 27.

Siku hiyo wanaume walikuwa washindane mbio za kilomita 15. Kabla ya mbio kuanza, polisi wa Austria waliingia katika makao ya wachezaji. Walikuwa wakifuata kisa kilichoanza mwezi mmoja kabla, wakati mchezaji wa zamani wa Austria, aliyefumaniwa na dawa haramu katika Olimpiki za 2014, alipofichua siri zake katika filamu ya televisheni ya Ujerumani. Wachezaji watano walikamatwa: wawili wa Austria, wawili wa Estonia na mmoja wa Kazakhstan. Mmoja wao alikutwa sindano ikiwa mkononi, damu ikipita kwenye mpira. Wakati huohuo, katika mji wa Erfurt, Ujerumani, polisi walimkamata daktari wa michezo aliyekuwa akiwahudumia.

Huenda ukashangaa: damu ya mtu mwenyewe ina kosa gani? Sikiliza. Damu ina chembechembe nyekundu zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Ukiwa na nyingi, unachelewa kuchoka. Basi mlaghai hutolewa damu mapema, ikahifadhiwa kwenye baridi, na mwili wake ukatengeneza nyingine kuziba pengo. Siku ya mashindano inakaribia, anarudishiwa ile ya kwanza juu ya ile aliyo nayo. Damu inakuwa nzito, na moyo unalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Ikiganda ndani ya mishipa, mtu anaweza kufa. Na mfuko usipotunzwa ipasavyo, ugonjwa huingia moja kwa moja mwilini.

Hapa ndipo kisa cha Seefeld kinapotugusa sisi. Iten iko kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mwili wa anayeishi na kufanya mazoezi huko hujitengenezea chembechembe nyekundu zaidi. Kwa maneno mengine, kile ambacho wale watano walikitafuta kwa siri kwenye mfuko, mkimbiaji wetu hupewa bure na mlima. Lazima akitolee jasho, lakini hakitaki sindano.

Hata hivyo tusiwacheke wenzetu. Nyani haoni kundule. Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, kule Rio mwaka 2016, alipatikana mwaka uliofuata na EPO, dawa inayouamrisha mwili kutengeneza chembechembe hizohizo. Alifungiwa miaka minne. Kenya ililazimika kupitisha sheria ya kupambana na dawa hizi mwaka huohuo wa 2016. Mlima tunao, na bado kuna wanaonunua sindano.

Kwako wewe mzazi ambaye mwanao ameanza kung'ara uwanjani, kuna kisa kingine cha Seefeld ambacho nakuomba ukiweke akilini. Mwaka 2016 bingwa wa Norway, Therese Johaug, aliungua midomo kwa jua akiwa mazoezini Italia. Daktari wa timu akamnunulia mafuta ya kupaka katika duka la dawa. Ndani ya mafuta hayo mlikuwa na dawa iliyopigwa marufuku, na onyo lilikuwa limechapishwa kwenye boksi lenyewe. Johaug hakudai kwamba hakuyatumia. Alisema alimwamini daktari. Hilo halikumwokoa. Alifungiwa miezi 18, na Olimpiki za 2018 akazikosa. Aliporudi katika mashindano ya dunia, hapo Seefeld, alishinda dhahabu tatu.

Umeona? Sheria ya michezo haiulizi ni nani aliyekupa. Inauliza kilichomo mwilini mwako. Kwa hiyo mfundishe mwanao kusoma boksi la dawa kabla ya kumeza au kupaka. Mwambie amweleze kila daktari na kila mwenye duka la dawa kwamba yeye ni mwanariadha. Na akitokea mtu anayejiita meneja au mfadhili akiwa na vidonge visivyo na jina, ama sindano anazoziita vitamini, mkataze peupe, hata kama mtu huyo ndiye anayelipa karo. Wale wa Seefeld hawakujidunga peke yao. Palikuwa na mtu mzima, tena msomi, aliyeshika ile sindano. Mahakama ya Munich ilimhukumu daktari yule, Januari 2021, kifungo cha miaka minne na miezi kumi. Waaustria wawili walifungiwa miaka minne. Nani angetaka kumwona mwanawe kwenye picha kama ile, mpira wa damu ukining'inia mkononi?

Nimalizie na mtu wetu. Mwaka 1998 kule Nagano, Japani, Philip Boit wa Eldoret alishiriki mbio za skii za kilomita 10. Alikuwa ameanza kujifunza kuteleza kule Finland mwaka 1996, na theluji ya siku ile ilikuwa imeloa mvua. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika wa mwisho, nambari 92, dakika 20 baadaye. Sherehe ya medali ilikuwa ikimngojea bingwa, lakini bingwa alikuwa amesimama kwenye utepe akimngojea Mkenya. Alipofika akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Msomaji, linganisha wawili hao na wale watano. Aliyefika wa mwisho Nagano jina lake hutajwa hadi leo kwa heshima, nyumbani na ughaibuni. Usiku ukifika, mwanao akikuuliza bingwa ni nani, utakuwa na jibu la kumpa.