Kiwambo cha Bastola na Sikio la Mwenye Bastola

Nanganga ni njia panda. Barabara itokayo Lindi na Mingoyo hupita hapo ikielekea Ndanda na Masasi, na nyingine huchepuka kwenda Ruangwa na Nachingwea. Msimu wa korosho unapofunguka, malori na wanunuzi hupita hapo kwa wingi, na pamoja nao hupita hofu ya kuvamiwa. Ndiyo maana katika nchi hii ya Masasi na Newala hukosi wafanyabiashara wenye bastola za kujilinda. Wako pia walinzi wa maghala wenye bunduki za marisaa, wakulima wenye magobore ya kufukuzia nguruwe mwitu, na askari wa wanyamapori wanaolinda mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule.

Wote hao wana jambo moja linalowaunganisha, nalo halitajwi katika kibali cha silaha: kila mlio wa silaha unayagusa masikio yao. Na kwa kuwa filamu na riwaya za upelelezi zimewazoesha watu kuiona bastola iliyofungwa kiwambo cha sauti, baadhi ya wamiliki wapya huuliza: je, mtu anaweza kukinunua kiwambo kihalali, na achague kipi? Swali hilo lina upande wa sheria, upande wa ufundi na upande wa tiba. Makala haya yataanza na tiba, kwa sababu sikio ndilo linalotoa hoja iliyo nzito zaidi ya kuwa na kiwambo.

Baba kiziwi, mwana mvumbuzi

Katika miaka ya 1880 Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, alibuni bunduki ya rashasha iliyokuja kubeba jina lake. Watu wa kusini mwa Tanzania waliijua bunduki hiyo mapema na kwa uchungu. Wajerumani waliitumia dhidi ya wapiganaji wa Maji Maji kati ya 1905 na 1907, vita vilivyofika hata Masasi. Oktoba 1917 bunduki za rashasha zilinguruma tena kwa siku nne huko Mahiwa, katika barabara hiyohiyo ya Lindi, katika mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki.

Lisilojulikana na wengi ni kwamba bunduki hiyo ilimdhuru pia aliyeibuni. Miaka mingi ya kuijaribu silaha yake bila kinga ilimwacha Maxim kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepata mwaka 1909 hataza ya kiwambo cha sauti cha kwanza kuuzwa kwa mafanikio. Baba aliunda mlio. Mwana akatafuta namna ya kuupunguza.

Namna mlio unavyoliua sikio

Ndani ya kila sikio, katika kiungo kidogo kilichojipinda mfano wa koa, zimo seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ujumbe wa neva. Ndege wakipoteza seli za namna hiyo huotesha nyingine. Binadamu hana uwezo huo. Seli iliyokufa imekufa.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakipandi kama rula: kila ongezeko la desibeli 10 ni nishati mara kumi zaidi. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane za kazi, siku baada ya siku, inatosha kuanza kuleta madhara. Mlio wa bastola ya milimita 9, karibu na sikio la mpigaji, hufika kama desibeli 160. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa milio ya ghafla isizidi desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Hivyo mlio mmoja tu wa bastola huuvuka mpaka huo, na mlio mmoja waweza kuacha dosari ya maisha.

Madhara huanza kimyakimya. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, hasa zile za mzunguko wa herzi 4,000 hivi. Katika Kiswahili humo ndimo zilimo konsonanti kama s, sh, f na th. Mtu bado anasikia kwamba anaongeleshwa, lakini "shika" na "fika" vinafanana, na "thamani" hakitofautiani na "samani". Kwenye mnada wa korosho, wakati bei zinasomwa na watu wanazungumza pande zote, mkulima wa namna hiyo huishia kumwuliza jirani. Nyumbani huambiwa kuwa amekuwa mkaidi au ana dharau. Wengine husikia mlio wa filimbi usiokoma, ambao huwanyima usingizi. Kwa kuwa hakuna jeraha wala damu, familia hudhani ni uzee.

Mpiga bunduki ndefu anayetumia mkono wa kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa kuwa ndilo lililoelekea mdomo wa bunduki ilhali la kulia limekingwa na kichwa. Mpiga bastola aliyenyoosha mikono yote miwili mbele hana kivuli hicho. Masikio yote mawili hupigwa karibu sawasawa.

Kiwambo kinafanya nini, na hakifanyi nini

Kiwambo ni mrija wenye vyumba ndani yake, unaofungwa kwenye mdomo wa mtutu. Hewa ya moto inayoifuata risasi huingia katika vyumba hivyo, ikapanuka na kupoa kabla ya kutoka. Kazi yake ni ileile ya bomba la moshi la pikipiki.

Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35. Kwa kipimo cha nishati hilo ni jambo kubwa: kupunguza desibeli 30 ni kuondoa sehemu 999 katika kila 1,000. Lakini 160 ukitoa 30 ni 130, na desibeli 130 ni kelele iliyo juu ya king'ora cha gari la wagonjwa. Ule mnong'ono wa kwenye filamu ni uongo wa watengeneza filamu. Zaidi ya hayo, kiwambo hakiwezi kuizuia sauti ya risasi yenyewe inapokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi nyingi za milimita 9 huvuka kasi hiyo na kuacha mpasuko hewani. Risasi za kawaida za inchi 0.45, ambazo ni nzito na za polepole, haziivuki.

Kwa hiyo daktari wa masikio hatasema kiwambo hakina maana. Atasema hakitoshi peke yake. Anayekitegemea na kuacha vizibo vya masikio bado anajidhuru, ila kwa mwendo wa polepole zaidi.

Sheria kabla ya fedha

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Msingi wake ni kwamba silaha haipatikani kwa uwezo wa mfuko bali kwa kibali. Maombi huanzia kwa viongozi wa mahali anapoishi mwombaji, watu wanaomfahamu, kisha hupanda hadi Jeshi la Polisi na kamati za usalama. Mwombaji huchunguzwa tabia, afya ya akili, matumizi ya vilevi, na uwezo wa kuitumia na kuitunza silaha.

Mtu aliyepata kibali cha bastola asidhani kuwa kibali hicho kinakumbatia kila kinachoweza kufungwa kwenye bastola. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha za moto, ambayo Tanzania imejiunga nayo, inakitaja kifaa cha kupunguza mlio miongoni mwa sehemu za silaha, pamoja na mtutu wenyewe. Sheria ya Uingereza ya 1968 nayo ilikiweka kiwambo katika maana ya silaha. Kwa mantiki hiyo, kiwambo kinachouzwa kwa siri, kilichochongwa na fundi wa vyuma, au kilichoagizwa kwa simu kutoka ng'ambo kinaweza kumfikisha mnunuzi mahakamani. Njia salama ni moja: kabla ya kulipa hata shilingi, aulize polisi kwa maandishi na asubiri jibu la maandishi. Akijibiwa hapana, jambo limekwisha.

Kwa aliye katika nchi inayoruhusu

Ndugu zetu walioko ughaibuni wanaishi chini ya sheria nyingine. Huko Norway, kwa mfano, kiwambo cha bunduki ya kuwindia hutazamwa kama kifaa cha kulinda afya. Nchini Marekani majimbo 42 kati ya 50 yanawaruhusu raia kukimiliki, huku California, New York na mengine sita yakikataza. Tangu sheria ya 1934 kila kiwambo lazima kisajiliwe serikalini kwa namba yake, pamoja na picha na alama za vidole za mwenye nacho. Mnunuzi hupitia duka lenye leseni, naye hapewi kiwambo mpaka kibali kitoke. Kodi ya dola 200 iliyodumu tangu mwaka huo iliondolewa kuanzia Januari 1, 2026, lakini usajili haukuondolewa. Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi au mgeni: mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi huko kumiliki silaha wala kiwambo, isipokuwa kwa masharti maalumu. Na aliyekinunua kihalali asikitie sandukuni anaporudi Masasi likizo. Kukitoa nchini humo bila leseni ni kosa, na kukiingiza hapa bila idhini ni kosa la pili.

Anayechagua kiwambo cha kwanza cha bastola atazame mambo manne. La kwanza ni ukubwa: kiwambo kilingane na risasi ya bastola yake, na hesi zake zioane na za mtutu, la sivyo risasi itagonga kuta za ndani. La pili ni mwendo wa mtutu: katika bastola nyingi za kisasa mtutu hurudi nyuma na kuinama kila risasi inapotoka, hivyo kiwambo kinahitaji springi maalumu ya kuusaidia, bila hiyo bastola hukwama. La tatu ni uzito na urefu: kirefu hupunguza mlio zaidi, lakini huilemea mikono na huweza kuziba shabaha. La nne husahauliwa na wengi, nalo ni la kiafya: kiwambo hurudisha sehemu ya moshi kuelekea uso wa mpigaji, na moshi huo una risasi, yaani ile metali yenye sumu. Mazoezi yafanyike penye hewa ya kutosha, mikono na uso vioshwe kabla ya kula, na nguo zifuliwe mbali na za watoto, kwa maana metali hiyo huharibu ubongo unaokua.

Kinga ya kwanza kwa mtu wa Nanganga

Turudi kwa mlinzi wa ghala, askari wa wanyamapori na mwenye gobore. Kinga yao ipo, ni halali, na haihitaji kibali cha mtu yeyote: ni kizibo cha sikio cha sponji. Kikivaliwa vema hupunguza mlio karibu sawa na kiwambo. Kivingirishwe kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba. Sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa pili. Kiingizwe na kushikiliwa mpaka kitanuke. Kikichomoza nje sana, hakijakaa. Juu yake vaa vifunika masikio, kama vile vya mafundi wa mitambo. Viwili pamoja ndiyo kinga bora wakati wa mazoezi. Pamba haifai, na ganda la risasi lililopachikwa sikioni ni hatari.

Ni kweli kwamba aliyevamiwa usiku hatatafuta vizibo. Lakini risasi nyingi katika maisha ya mwenye silaha hupigwa mazoezini na shambani, mahali ambapo nafasi ya kujikinga ipo. Watoto wanaokimbilia kuona nguruwe akifukuzwa wazuiwe wasikaribie. Masikio yao yana mpaka ulio chini zaidi. Waajiri wa walinzi nao wahesabu vizibo pamoja na buti na sare.

Baada ya mlio mkubwa, ukiona masikio yamezibika, yanalia, yanauma au yanatoa damu, usiyatie mafuta, maji ya majani wala dawa ya kudondoshea uliyojinunulia. Huenda kiwambo cha sikio kimetoboka. Hali isipotulia ndani ya siku moja, nenda hospitali, kwa kuwa matibabu ya siku za mwanzo yana nafasi ambayo ya mwezi wa pili hayana. Anayepiga silaha kwa kazi apimwe usikivu kabla ya kuanza na kisha kila mwaka, ili upungufu uonekane kabla mkewe na wanawe hawajaanza kumpigia kelele. Upungufu ukishathibitika, vifaa vya kusaidia kusikia vipo, na Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu kwa watu wenye uziwi mkubwa tangu 2017. Hayo yote ni misaada mizuri, lakini hakuna hata mmoja unaorudisha seli zilizokufa.

Kiwambo cha chuma kina sheria zake na bei yake. Kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba uliyozaliwa nayo, hakina duka. Mwenye bastola aanze kwa kukilinda hicho.