Kisangani: Deni la shule linapogeuka filamu ya wahalifu

Wanafunzi wanatolewa darasani. Hawakupigana wala kumtukana mwalimu. Kosa lao ni moja tu: hawajalipa "prime", ile pesa ambayo wazazi wanatoa ili mwalimu aweze kuishi. Mtihani wa taifa, Exetat, umekaribia. Wanatoka nje na daftari zao, na kuanzia hapo hadithi inashika njia za mkato.

Hiyo ni "Examen d'État", filamu ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani aliyezaliwa mwaka 1984. Ilitoka mwaka 2014. Ni filamu ya mambo ya kweli: hakuna mwigizaji, na kamera inafuata tu vijana wa mji huu wanaotafuta diploma. Lakini ukiitazama vizuri, utaona ina undugu na zile filamu za wahalifu zinazochekesha huku zinaumiza.

Filamu za aina hiyo zina jina. Mwaka 1946, huko Paris, mwandishi Nino Frank aliziita "film noir", filamu nyeusi, sinema kadhaa za Marekani zilizojaa tamaa, usiku na watu wanaojichimbia shimo wenyewe. Baadaye watengenezaji wengine waliongeza kicheko ndani yake. Mfano unaojulikana sana ni "Fargo" ya ndugu Joel na Ethan Coen, ya mwaka 1996. Muuza magari aliyebanwa na madeni anawalipa wahalifu wawili wamteke mke wake mwenyewe, ili baba mkwe atoe pesa. Mpango unaharibika, damu inamwagika. Mtazamaji anacheka, kisha anaona aibu kwamba amecheka.

Kongo pia tunayo yetu. Mwaka 2010 Djo Tunda Wa Munga alitoa "Viva Riva!". Riva anarudi Kinshasa kutoka Angola na shehena ya mafuta ya wizi, wakati mji mzima hauna mafuta. Wenye mali wanamfuata kutoka Angola, naye badala ya kujificha anatapanya pesa kwenye baa na kumtamani mwanamke wa mhalifu mwingine. Mwanajeshi anaingizwa katika msako, na hata padri anataka fungu lake. Mwaka 2011 filamu hiyo ilipata tuzo sita za Africa Movie Academy Awards. Mkaaji wa Kisangani aliyewahi kununua mafuta kwa kadhafi, pembeni ya barabara, hahitaji kuelezwa kwa nini mafuta yanaweza kuua watu.

Watengenezaji hawa wawili wanafahamiana kazini. Mwaka huohuo wa 2010, Munga alisimamia "Congo in Four Acts", mkusanyo wa filamu fupi nne, na Hamadi alishiriki katika mbili kati yake. Moja inaonyesha akina mama waliojifungua ambao hawawezi kutoka hospitali mpaka walipe. Tayari deni lilikuwa katikati ya hadithi.

Katika "Examen d'État" deni hilo linafanya kazi ileile. Vijana waliofukuzwa wanakusanyika katika nyumba wanayoita "maquis", wanasoma pamoja, wanalala pamoja. Siku zinakwisha, na masomo waliyoyakosa hayawezi kurudi yote. Basi kila mlango unajaribiwa: maombi, dawa, majibu ya kununua. Hiyo ndiyo Article 15, sheria ambayo kila Mkongomani anaijua ingawa haikuandikwa popote: jitafutie. Inachekesha kwa sababu vijana wanafanya mipango kama majambazi wanaotaka kuvunja benki, na kumbe wanachotaka kuiba ni karatasi inayosema wamesoma.

Hapo kicheko kinakwama kooni. Aliyeibiwa ni nani? Mwalimu anadai wanafunzi kwa sababu mshahara wake haumtoshi. Mzazi hana cha kutoa. Mwanafunzi ananunua majibu kwa sababu alinyimwa masomo. Kila mmoja ana sababu yake, na kila mmoja anamsukumia mwenzake hasara. Mwisho wa mnyororo huo yuko mgonjwa atakayetibiwa na mwenye diploma ya kununua, na yuko pia kijana aliyesoma kwa jasho lake lakini hakuna anayeamini alama zake.

Hamadi mwenyewe ameonyesha mahali ambapo kicheko kinapaswa kukoma. Katika "Maman Colonelle", ya mwaka 2017, anamfuata Kanali Honorine Munyole, mkuu wa kikosi cha polisi kinacholinda wanawake na watoto, anapohamishwa kutoka Bukavu kuja Kisangani. "Fargo" pia ina polisi mwanamke anayebaki na akili timamu katikati ya wazimu wa wengine. Lakini wanaomjia mama kanali ni wanawake wanaobeba bado majeraha ya Vita vya Siku Sita, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu mnamo Juni 2000. Wapo pia watoto wanaoteswa kwa kuitwa wachawi. Hapo hakuna mzaha, kwa sababu aliyeumizwa ana uso na amekaa mbele yako.

Tangu "Examen d'État" itoke, jambo moja limebadilika. Kuanzia Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya bure katika shule za msingi za umma, kama ilivyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006. Lakini kifungu hicho kinataja shule ya msingi tu. Vijana wa Exetat wako sekondari, na huko mzazi bado anatia mkono mfukoni.

Matokeo yakitoka, Kisangani itashangilia kama kawaida: waliofaulu watamwagiwa poda kichwani mpaka wawe weupe, na mtaa mzima utaimba. Ni furaha ya haki. Ila chini ya poda ile sura zote zinafanana, aliyesoma na aliyenunua. Nani alilipa nini, wanajua wenyewe.