Somo la Saba: Vitamini za B Katika Chupa ya Kinywaji

Juma lililopita tulieleza kazi ya vitamini za B: kwamba zenyewe hazina nguvu za kuupa mwili, bali huusaidia mwili kuzitoa nguvu zilizomo katika chakula. Leo twataka kujua jinsi mtengenezaji wa vinywaji anavyozichagua. Jambo hili lawahusu hata wanywaji, maana kiasi kilichoandikwa kwenye lebo chapasa kuwamo chupani hata siku ya mwisho ya kuuzwa, si siku ya kutiwa tu.

Haya, tuchukue kinywaji cha ukwaju. Kina asidi nyingi. Hupashwa moto kisioze. Halafu hutiwa katika chupa nyeupe na kupangwa dukani penye mwanga.

Tuanze na B2, iitwayo riboflavini. Moto huustahimili vizuri, lakini mwanga huiharibu upesi. Maziwa yakiachwa juani katika chupa nyeupe kwa muda wa saa mbili, nusu ya riboflavini yake yaweza kupotea, na ladha hugeuka. Tena ikipigwa na mwanga haiharibiki peke yake, bali huiharibu na asidi ya foliki iliyo pamoja nayo. Basi atakaye kuitia na atumie chupa ya kahawia au kopo. Akishikilia chupa nyeupe ili watu waone rangi, ni heri aiache. (Riboflavini ni ya manjano, ndiyo sababu mkojo hugeuka manjano sana baada ya kuinywa kwa wingi. Msishtuke.)

B1, yaani thiamini, hupatana na asidi, kwa hiyo ukwaju waifaa. Isiyopatana nayo ni magadi: maharage yaliyopikwa kwa magadi hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Adui mwingine ni salfaiti, dawa ya kuhifadhi maji ya matunda, ambayo huikata thiamini vipande viwili. Dawa hiyo ikiwamo, kutia B1 ni kutupa fedha.

B5 huuzwa mara nyingi kama kalsiamu pantothenati, nayo huvunjika katika asidi. Kwa ukwaju panthenoli ni bora. Niasini nayo ina namna mbili. Asidi ya nikotini ikizidi humfanya mnywaji ahisi joto na kuwashwa usoni na shingoni. Niasinamidi haifanyi hivyo.

Kwa kuwa nyingine hupungua chupani, mtengenezaji hutia nyongeza kidogo tangu mwanzo. Hapo ndipo penye hatari, akizitilia zote nyongeza sawasawa. B6, piridoksini, hukaa imara chupani. Ukitia nyingi, mnywaji atainywa karibu yote. Mtu mzima huhitaji miligramu 1 na nusu au zaidi kidogo kwa siku. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku, kwa sababu ikizidi kwa muda mrefu yaweza kudhuru mishipa ya fahamu, mtu akafa ganzi mikononi na miguuni. Chupa yenye miligramu 5 yaonekana ndogo, lakini dereva anywaye tatu kwa siku amekwisha kufika 15, bila kuhesabu vidonge.

Kwa somo lijalo, kila kikundi kilete lebo moja ya kinywaji, na kuitafuta B6 kwanza. Kwaherini.