Kabla ya Kununua Spika Kubwa Zaidi

Katika ziara zetu za nyumba kwa nyumba na akina mama wa kanisa, mama mmoja wa machimboni huko Geita alitueleza shida yake. Alikuwa ameweka akiba kwenye kikoba ili anunue sabufa mpya.

“Sista, hii imechoka,” alisema. “Baba watoto hasikii mpaka aifungulie mwisho. Tukikaa kula hatuwezi hata kuongea.”

Tuliomba atuoneshe inapokaa. Sebule ilikuwa ya saruji juu hadi chini, dirisha halina pazia, na juu ni bati tupu. Sabufa ilikuwa kwenye kona nyuma ya kochi, na spika ndogo mbili zimewekwa juu yake.

Je, nyumba yako haifanani na hiyo?

Anza na chumba

Sauti ikigonga ukuta mtupu hurudi na kuchanganyika na ile inayoendelea kutoka. Ndiyo maana kwaya husikika kama inaimba ndani ya pipa, na maneno ya mhubiri hayaeleweki. Pazia zito, mkeka au zulia, na mito ya makochi hunyonya sauti hiyo.

Kona nayo huongeza besi, ikafunika maneno. Ivute sabufa mbali kidogo na kona. Spika ndogo zitenganishe, uziweke juu ya meza au kabati, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, zikimwelekea msikilizaji.

Kagua na nyaya. Waya ukifungwa kinyume kwenye spika moja, chanya mahali pa hasi, besi hupungua na sauti hupwaya. Vumbi letu la kiangazi lifute mara kwa mara. Kitambaa cha kufunika ni kizuri, lakini kiondoe redio inapowaka, isije ikapata joto. Spika iliyochanika mpelekee fundi kwanza, huenda ikatengenezeka.

Tulifanya hayo alasiri ile ile, tukitundika khanga mbili dirishani. Mama yule akacheka: “Kumbe ilikuwa nzima!”

Lakini baba aliporudi, aliongeza sauti tena.

Tatizo halikuwa redio

Baba huyo anafanya kazi kwenye karasha, kusaga mawe ya dhahabu. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huvichosha. Ndiyo maana mtu hutoka kazini masikio yakivuma, akisikia kwa mbali. Zikiendelea miaka, vinywele hufa, na vikishafa havioti tena.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua nusu. Kwa desibeli 90, ni kama saa 4 tu kwa wiki. Kwa hiyo baba anapoongeza sauti ili asikie yeye, watoto walioketi mkekani ndio wanaoumia.

Huna kipimo? Simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, redio imezidi.

Ongea na mwenzako

Tulimshauri mama yule asimlaumu mumewe, bali amwombe waende wote hospitali. Alipopimwa, ilionekana amepoteza sehemu ya usikivu kwenye sauti nyembamba, masikio yote mawili. Hiyo haitarudi. Iliyobaki, hata hivyo, inaweza kulindwa.

Sasa huvaa viziba masikio kazini, si pamba, kwa maana pamba haizuii kelele. Akifika nyumbani hupumzika kwanza kimya, kisha huketi karibu na spika badala ya kuongeza sauti.

Na ile akiba? Ilinunua mapazia na viziba masikio, na nyingine ikabaki kwenye kikoba.

Wapendwa akina mama, redio njema ni ile ambayo nyumba nzima huielewa bila mtu kupiga kelele. Leo jioni, kabla ya kuhesabu fedha za sabufa mpya, sikiliza kwanza ni nani anayeongeza sauti, kisha umwulize kwa upole masikio yake yanaendeleaje.